Nilimfisha Mama Mkwe Ili Vitambaa Vinunuliwe

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla ndoa yangu haijavunjika.

Nina duka hapa Chania, nyuma ya soko, nauza viatu vya ngozi, sabuni za mafuta ya zeituni na vitambaa vya meza ambavyo mama mkwe wangu, Polyxeni, ananidarizia mwaka wa kumi na moja sasa, vizuri mno, lakini wageni walikuwa wanavipapasa tu na kwenda zao, mpaka siku moja ulimi ukaniteleza nikamwambia mteja kwamba aliyevidarizi ni marehemu na hivi ndivyo vya mwisho, mteja yule akafuta machozi akachukua vitatu, basi tangu hapo nikawa namzika mama mkwe kila siku, wakati mwingine mara nne kabla ya chakula cha mchana.

Jumanne nilikuwa nawasimulia dada wawili kutoka Athene jinsi alivyokata roho sindano mkononi, nikasikia sauti nyuma yangu: "Endelea, baba. Na mazishini kwangu, watu walijaa?"

Ni yeye, na vitambaa vipya kwapani!

Kesho yake alikuja amevaa nyeusi, na sinia la ngano ya kuchemsha, ile tunayogawa kanisani tukiwaombea wafu, akakaa mlangoni pangu: "Karibuni wanangu, mle arobaini yangu. Aliyeniua ni huyu mkwe." Mtaa mzima unanicheka. Mke wangu, Argyro, amehamia kwa mama yake, na mama amegoma kushika sindano. Nimempelekea maua, akauliza kama ni ya kaburini. Nifanye nini?

Stamatis

Stamatis,

Pole, ila nimecheka mpaka nikamwaga kahawa. Sasa nyamaza unisikilize. Unadhani mama amekasirika kwa kuwa umemfisha? Wee! Miaka kumi na moja hukumtajia mteja hata mmoja jina lake, ukangoja afe ndipo umsifu. Ungekuwa mkwe wangu, hiyo ngano ningekulisha kwa mwiko.

Nenda leo hii, mikono mitupu. Mkute jikoni, Argyro akiwepo, umwambie usoni zile sifa zote ulizokuwa ukiwapa wageni, hata ukiona haya. Omba radhi bila "lakini". Kisha jina lake lishonwe kwenye kila kitambaa, na bei apange yeye. Akisema ghali, ni ghali.

Mwekee kiti dukani, na mteja akiuliza aliyedarizi yuko wapi, mwoneshe mama kwa kidole, halafu funga mdomo.