Jumamosi za Kwenda Whitcomb

Jumamosi, 20 Septemba

Tumeanza tena. Baba aliamka kabla yangu, akafuta vioo vya gari, akavaa koti lake la kaki na kunisubiri nje, injini inanguruma. Vuli zote ni hivyo tangu nikiwa mtoto: Jumamosi ikifika ni kaskazini, kwenye vimiji vya milimani, kuangalia majani yanavyobadilika rangi. Hii ni vuli ya pili bila Mama. Kiti chake nakikalia mimi.

Majani bado. Kijani tupu kutoka kwetu Manchester mpaka Plymouth. Miti ya kinamasini tu ndiyo imeanza kuwa myekundu. Baba anasema hiyo ina haraka kama watu wanaotoka misani kabla ya baraka.

Ana miaka themanini na nne. Aliendesha lori la maziwa maisha yake yote na bado anakata kona kama ana tangi nyuma. Taratibu, kwa heshima. Ila siku hizi gari linavutwa kulia. Nikisema "kushoto kidogo, Baba," anarudi kushoto, tunaendelea na mazungumzo.

Tukafika Whitcomb. Kanisa jeupe, duka moja, mto, daraja la mbao lenye paa. Nikadhani tutanunua donati na kugeuza. Hapana, Baba akataka tule maharage ya jioni yanayouzwa kwenye ukumbi wa kanisa. Kanisa la Waprotestanti! Yeye Mkatoliki ambaye hata kwenye mazishi yao husimama nje.

Jumapili, 21 Septemba

Normand kapiga simu kutoka Florida. Kaka yangu akiwa mbali ana ushauri mwingi. Eti bado sijamnyang'anya mzee funguo? Nikamwambia Baba anaendesha vizuri. Ni kweli. Karibu kweli.

Jumamosi, 27 Septemba

Nilipendekeza Vermont. Baba akasema Vermont kuna foleni. Whitcomb tena.

Leo majani yameiva. Mlima mzima, njano na chungwa na nyekundu, na misonobari imesimama katikati na kijani chake kama watu wasioalikwa. Baba alipunguza mwendo mpaka walio nyuma wakapiga honi. Akawapungia mkono.

Na sasa najua kwa nini Whitcomb. Anaitwa Althea Colcord. Ndiye anayepakua maharage. Mrefu, nywele nyeupe kasuka mkia mmoja, sweta la kiume limechakaa viwikoni. Mjane. Alimkatia Baba ule upande wa mkate ulioungua bila kuombwa. Kumbe anajua anaupenda! Anamwita Bwana Biludu. Jina letu ni Bilodeau, la Kifaransa, hutamkwa Bilodo, na Baba huwa hamsamehei mtu anayelikosea. Leo kaliitikia.

"Maharage yako hayana nyama ya nguruwe ya kutosha," Baba alimwambia.

"Nyie Wafaransa mngeweka nguruwe mzima na kuacha maharage nje," akamjibu, na kumwongezea upawa mwingine.

Baba akacheka. Kicheko cha tumboni. Nilikuwa nimekisahau.

Njia ya kurudi alipiga mluzi. Kwenye njia panda ya kiwanda cha mbao alipita alama ya kusimama kama vile haipo. Hakukuwa na gari lolote. Nikamwambia. "Nimeiona," akasema. Hakuiona.

Jumamosi, 4 Oktoba

Niandike tu.

Whitcomb imejaa watu wa mijini, kila mmoja na kamera. Tunapita mbele ya duka, polepole. Mwanamke anavuka pale pa kuvukia, anasukuma kigari cha mtoto. Mimi nimemwona. Nikasubiri Baba akanyage breki. Hakanyagi. Nikapiga ukelele. Akakanyaga. Bampa ikagusa gurudumu la kigari — iligusa tu, kigari kikasogea kidogo. Mtoto hakuamka. Mama yake aliweka kiganja juu ya boneti akatutazama. Hakutukana. Afadhali angetukana.

Mume wake ndiye aliyekuja dirishani. "Mzee, unaona au huoni?"

Baba alijibu kwa sauti ndogo sana: "Jua lilinipiga machoni."

Jua lilikuwa nyuma yetu.

Tulibadilishana viti hapo hapo barabarani, watu wanatutazama. Hatukwenda kwenye maharage. Tulipopita kanisani Althea alikuwa ngazini na aproni yake, akanyanyua mkono. Baba aliangalia magoti yake.

Jumapili, 5 Oktoba

Nimechukua funguo. Baada ya misa, kwenye meza ya chai. Nilizitia mfukoni mbele yake, sikutaka kumfichia.

"Unaninyang'anya."

"Ndiyo, Baba."

"Mimi nilikufundisha kuendesha nyuma ya kiwanda cha maziwa. Uligonga pipa siku ya kwanza. Nilikunyang'anya?"

"Lile lilikuwa pipa, Baba."

Akakoroga chai iliyokwisha korogwa. Baadaye kidogo akaenda chumbani na kufunga mlango taratibu kabisa, na hapo ndipo nilipolia.

Normand kasema nimefanya la maana. Nilimchukia kwa dakika kadhaa.

Jumatano, 8 Oktoba

Haongei. Anakula, anaosha sahani yake, anakaa dirishani. Nimemwambia Jumamosi nitampeleka mimi. "Mimi si kifurushi," akasema. Maneno matatu. Ndiyo mazungumzo ya wiki.

Jumamosi, 11 Oktoba

Nilikwenda sokoni kununua maboga. Narudi — gari hakuna. Baba hakuna. Mlango wa kabati la Mama uko wazi, pochi yake iko kitandani imepinduliwa. Ufunguo wa akiba! Wala sikukumbuka kama Mama alikuwa nao.

Ni wikiendi ya sikukuu. Nusu ya Boston iko kwenye barabara za milimani. Nilikaa juu ya kitanda cha Mama na pochi mapajani, nikaona kigari cha mtoto, kigari cha mtoto, kigari cha mtoto. Nikampigia Normand. Piga polisi, akasema. Nimeshika simu kupiga, ikalia. Sauti ya mwanamke, kavu, haina haraka. Ni Bi Colcord wa Whitcomb. Baba yako yuko jikoni kwangu, mzima. Gari liko mtaroni.

Rita wa nyumba ya pili aliniazima pikapu lake. Sikuona jani hata moja njia nzima.

Gari lilikuwa limelala kiubavu kwenye mtaro kando ya ukuta wa mawe wa Althea. Hatua chache tu kutoka getini. Kafika, jamani, kafika kabisa, kona ya mwisho ndiyo imemshinda. Hakugonga mtu. Nimeuliza mara nyingi. Hakugonga mtu.

Nilimkuta mezani, blanketi mabegani, plasta kwenye paji la uso, anakula pai ya tufaha na jibini. Nilikuwa na maneno mengi tayari. Likatoka moja tu.

"Ningekuleta mimi," nikamwambia. "Nilikuambia nitakuleta."

Akaweka uma chini. "Jocelyne. Mwanamume ataendaje kumtembelea mwanamke akiwa ameletwa na binti yake?"

Nikamrekebishia blanketi mabegani.

Jirani alikuja na trekta kulivuta gari. Mimi na Althea tukasimama ukutani kuangalia. Nikamwambia lile la kigari, kwa sababu mtu anatakiwa ajue. Akasema aliliona mwenyewe kutoka ngazini. Akatikisa kichwa, akatazama trekta. "Mimi sikumwita leo," akasema. "Ila nitakuwa mwongo nikisema sikumsubiri."

Jumapili, 12 Oktoba

Normand ameamua. Anakuja Ijumaa, Jumapili yeye na Baba wanapanda ndege kwenda Florida. Kuna nyumba ya wazee karibu na kwake, safi, ina bwawa la kuogelea. Nikasema Baba hajui kuogelea. Akasema nisianze.

Na alichosema baadaye kina uzito: mara ya kwanza kigari, mara ya pili mtaro, ya tatu unataka iwe nini? Nikasema sawa.

Nimemwambia Baba. Alikuwa anamenya tufaha kwa kisu, ganda moja refu. Halikukatika. "Miti ya huko," akasema, "haina hata adabu ya kuvua majani." Basi. Hakugomba.

Ijumaa, 17 Oktoba

Normand kafika, mweusi kwa jua, kavaa viatu visivyo na soksi kwenye baridi hii. Amemkumbatia Baba muda mrefu. Alikuwa anampapasa mgongo na uso umemwiva. Nilisahau kwamba na yeye ni mtoto wa huyu mzee.

Chakulani alieleza kila kitu. Baba aliitikia kwa kichwa. Mpole mno. Tangu lini? Kisha akaomba kitu kimoja: kesho, kwa mara ya mwisho, Jocelyne ampeleke Whitcomb akaage. Normand akanitazama, nikamtazama. Nani angemkatalia? Normand mwenyewe hatakuja, ana simu za kupiga.

Baba amepanga begi lake mwenyewe. Dogo. Nimemuuliza kama mashati yanatosha, akasema anakokwenda watu hufua.

Jumamosi, 18 Oktoba

Naandika ndani ya gari, kituo cha mafuta kaskazini mwa Franconia. Niko kiti cha nyuma. Mimi!

Asubuhi niliendesha, Baba pembeni. Gari limenyooshwa, taa moja tu inaangalia pembeni. Majani mengi yameshuka, miti imebaki fito, barabara imefunikwa rangi ya shaba. Baba kanyoa, kavaa tai. Nikadhani ni huzuni ya kuaga, nikazidi kuendesha.

Althea alikuwa anangoja getini. Koti limefungwa vifungo vyote, begi miguuni, sufuria la maharage mikononi. Hakuna aliyeaga mtu. Alikuja upande wangu, akafungua mlango, akanipa sufuria.

"Kaa nyuma, mwanangu. Shika hili wima."

Nikashuka. Sijui kwa nini nilishuka. Alisogeza kiti, akarekebisha vioo kimoja kimoja bila haraka, na Baba alikuwa anamtazama kama anatazama mtu akipanda altare. Begi la Baba lilikuwa tayari kwenye buti. Lile dogo. Alilitia mwenyewe kabla sijaamka.

Nikauliza tunakwenda wapi. Baba akasema kwanza tuone bonde la ng'ambo, huko majani huchelewa. Na baada ya hapo? Akamtazama Althea. Althea akasema ana chumba cha chini chenye jiko la kuni na dirisha la mashariki, na kwamba yeye huendesha kila siku, mvua na theluji, hajawahi kumgusa hata kuku. Hakusema zaidi. Wakaanza kubishana kuhusu redio.

Nilifikiri juu ya tiketi ya ndege ya kesho. Nilifikiri juu ya Normand, pale jikoni, na viatu vyake. Nilifikiri pia kwamba Baba leo hajagusa usukani wala hajauomba.

Sasa wamerudi kutoka kulipa mafuta. Baba amebeba kahawa tatu kwenye kikatoni, anatembea kwa uangalifu mkubwa, Althea kashika mkono wake juu kidogo ya kiwiko. Simu inalia — Normand. Ni mara ya tatu. Baba ameingia, kaisikia, kanigeukia. Haniombi. Ananitazama tu, hayo macho yake mabovu, anangoja kuona nitafanya nini.

Althea amewasha indiketa. Nyumbani ni kulia. Imewaka ya kushoto.

Simu bado inalia. Nimeipokea, nikasema, "Normand, sikiliza, kesho Baba hapandi ndege —"