Tuzo ya Igizo Lako Imekwenda kwa Mwalimu Wambura

Mpendwa Mama,

Jumamosi iliyopita nilikaa ukumbini kule Iringo tangu saa nane mchana, nimevaa kile kitenge chako cha zambarau, nikaiona tuzo ya igizo bora la nyimbo ikienda kwa Mwalimu Wambura, katibu wa kikundi chako. Igizo lenyewe ni Kigoda cha Marehemu. Lako, Mama.

Sherehe zenyewe unazijua, maana ulizikwepa miaka yote. Kapeti jekundu linatandikwa juu ya vumbi, mgeni rasmi anachelewa saa tatu, kisha anausifia utamaduni ambao hajui hata unaliwa na nini. Safari hii mshereheshaji alipayuka kama yuko mnadani. Mbele walikaa watu wenye miwani ya jua ndani ya nyumba! Wanawake wako wa Nyamuswa, wanne waliobaki, waliwekwa nyuma kabisa karibu na mlango wa choo, na soda zilipogawiwa hazikuwafikia.

Mwalimu Wambura akapanda jukwaani akalia. Machozi ya kweli, na leso juu. Akasema igizo lile lilimjia siku moja akiwa anasali.

Lilimjia! Mimi nakukumbuka ukumbi wa parokia, Jumapili baada ya misa, umevua viatu, unamwimbia kila mama kipande chake mpaka kimkae. Hukuwahi kuandika hata mstari mmoja. "Karatasi haiimbi," ulisema. Aliyekuwa anaandika ni yeye, pale kwenye benchi, na kauntabuku lake gotini. Ulimwona. Ukamtania, "Andika tu Mwalimu, sisi tutakuwaga tumeshazeeka, utatukumbusha." Wanawake wakacheka, na yeye akacheka.

Lakini ulikuwa na mwiko wako. Tukio la mwisho halikufanyiwa mazoezi hata siku moja. Asubuhi ya onyesho ulituita wachezaji peke yetu nyuma ya jiko la mapadre, ukatupa mwisho, tukaupeleka jukwaani ukiwa bado wa moto. "Mwisho ukizoeleka unapoa," ulituambia. Nilicheza binti wa mjane, kwa hiyo nilikuwepo. Tulilicheza mara moja tu, Butiama, kwenye sikukuu ya mavuno. Mwalimu siku hiyo alikuwa Bunda anasahihisha mitihani. Mvua za vuli hazikukukuta, na igizo halikuchezwa tena.

Unaona sasa? Kauntabuku lake halina mwisho. Akajitungia wa kwake.

Wachezaji wake wapya wakatuonyesha huo mwisho pale Jumamosi. Mjane wako, ambaye igizo zima anamkataa shemeji aliyekuja kumrithi na kujikalisha kwenye kigoda cha marehemu, eti anapiga magoti, anamwosha yule shemeji miguu, na kumwimbia wimbo wa shukrani. Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Nyamumwi, aliyemcheza mjane kule Butiama, akasimama nyuma: "Sasa hiki ni nini? Sisi hatukumaliziaga hivi!" Walinzi wakamkalisha kwa nguvu, mama wa umri ule. Jaji mmoja akasema igizo limeshinda kwa kulinda maadili yetu.

Nikuambie na aibu yangu, kwa sababu hapa sitadanganya. Waliita familia ya "mlezi wa kikundi" ipande. Nikapanda. Nikapokea maua ya plastiki, nikapigwa picha, na Mama, nilitabasamu. Nyamumwi ananiangalia. Wewe ulinilea nisikae kimya, na siku ya kusema nikaonyesha meno. Najichukia kwa hilo kuliko ninavyomchukia Mwalimu.

Jumatano akaja nyumbani, hapa Kitaji. Akanywa chai yangu. Akazunguka weee, habari za watoto, habari za mvua, ndipo akatoa muswada uliopigwa chapa vizuri, jina lake juu kwa herufi kubwa.

"Neema mwanangu, tunaalikwa Mwanza. Nimesikia mwisho wenu wa Butiama ulikuwaga mkali sana. Hebu nisaidie, ulikuwaje?"

Nikamwambia, "Mwisho ninao, Mwalimu. Kwanza futa hilo jina lako, uandike la mama. Hapa hapa, nikiona."

Hakubisha. Alikuwa na shida ya huo mwisho kuliko nilivyodhani. Akachomoa kalamu, akakata jina lake kwa mstari mmoja, akainama kuandika. Kalamu ikasimama. Akaniangalia.

"Hivi Mama Neema alikuwa anaitwa nani?"

Miaka kumi na tisa alikuwa katibu wako. Amekula ugali wako, amekopa sauti yako. Siku ya mazishi ndiye aliyetangulia na msalaba, jina lako limeandikwa kwa rangi nyeusi karibu na pua yake, njia nzima mpaka kaburini.

Nilimfungulia mlango, nikasimama nao hadi akatoka.

Kwa hiyo naandika barua hii wazi, aisome anayetaka, na Mwanza waisome. Mjane hapigi magoti. Anamwendea shemeji, anamshika mkono, anamwinua taratibu kama mtu anavyomwinua mgonjwa. Anachukua kigoda, anakikalia yeye, anaomba ungo, anaanza kuchambua mboga huku anaimba. Shemeji anabaki amesimama katikati ya jukwaa, hana pa kukaa, mpaka wimbo unaisha.

Mtunzi ni Veronika Nyanjura Makuru, wa Nyamuswa.

Lala salama, Mama. Hasira niachie mimi.

Binti yako,
Neema