Nyumba ya Bibi Katikati ya Roketi

Chumba cha Nyuma,
Karakana ya Rangi.
Jumanne, 14 Mei

Mpendwa Kaka Mrefu,

Salamu tele. Hujambo huko? Na shemeji, kikohozi kimemwachia? Sisi tupo, ila mama kumbukumbu zinazidi kumtoka. Siku hizi mimi ananiita shangazi.

Unajua bustani yetu ya michezo yote imejengwa kama safari ya mwezini: roketi, nyota, vibanda vya bati la kung'aa. Mwaka huu wakataka kona ya nyumba za zamani, nikapewa kazi mimi, fundi rangi mkuu. Kichwani sikuwa na nyumba nyingine, kaka. Nikajenga ile ya bibi tulimolelewa, kabla haijavunjwa kupisha barabara. Ukuta wa jikoni niliupaka masizi ya kweli. Mlango tu ndio niliuinua, wageni wasigonge vichwa.

Wiki iliyopita meneja akatuita, akauliza kama kona ile inaendana na bustani. Mimi na mdomo wangu huu! Nikajifanya fundi wa mafundi, nikasema haiendani hata kidogo, ni kandambili kwenye suti. Wakacheka sana. Ikaamuliwa ibomolewe Jumatatu, tarehe ishirini, na msimamizi niwe mimi.

Juzi Jumapili nikampeleka mama bustanini akapunge upepo. Kaka, alipofika mlangoni pa nyumba ile aliinama! Kama tulivyokuwa tukiinama kwa bibi, ilhali mlango wangu unampita kimo kwa mkono mzima. Akakaa karibu na jiko, akaniita jina langu. Langu, si la shangazi. Akanigombeza mbona nimeingia na miguu michafu. Nililia mbele za watu.

Jana asubuhi nikamfuata meneja nimwombe aiache. Akaniuliza tu, "Kwani sasa inaendana?" Nikarudi karakanani, maana haiendani, na aliyesema ni mimi. Majuto ni mjukuu.

Usiniambie nipige picha, mama picha hazitambui tena. Omba ruhusa kazini uje kabla ya tarehe ishirini, ukae naye mle hata saa moja, na wewe akuite jina lako. Nakuomba sana.

Msalimie shemeji, na yule mwanao Kidomo mbusu mashavu yote mawili. Mola awafunike kwa rehema zake. Mama naye anakusalimu. Amenisikia nikitaja Jumatatu, ameshafunga nguo zake kwenye mfuko. Anasema siku hiyo anarudi nyumbani.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikikugombeza,
Fundi Rangi