Sauti ya Siku ya Tatu

Mkumbi, Mbinga
9 Juni 2008

Mwanangu Vitalia,

Natumaini barua hii itakukuta mzima. Mimi ni mzima, isipokuwa goti la kushoto, na hilo si habari mpya. Kahawa imeanza kuiva.

Edina, jirani yetu, anakuja Dar es Salaam kwa basi. Nimempa diski ya nje ya kompyuta aliyoiacha kaka yako Modest alipoondoka kwenda Msumbiji. Humo imo sauti ya marehemu mama yako, aliyoirekodi Modest hospitalini katika siku zake tatu za mwisho. Haina nakala. Kila Jumapili nimekuwa nikiisikiliza kwenye kompyuta ya parokia. Sasa inagonga, tki, tki, kama mdudu ndani ya gunzi, na kompyuta haiioni.

Si uzembe wangu. Niliitia katika kopo nikaiweka darini jikoni, juu ya moto, pamoja na mbegu ya mahindi, mahali ambapo babu yako alitunza vyeti vyetu vya ubatizo. Hakuna dumuzi aliyeigusa.

Mpelekee fundi. Misa ya kutimiza mwaka ni tarehe 14 Septemba, na nataka ukoo wote umsikie. Wewe usitangulie kusikiliza. Hukuja kumzika, sababu sikuulizi tena.

Baba yako,
Mwalimu Mansuetus


Dar es Salaam
26 Juni 2008

Baba, shikamoo.

Mimi na watoto hatujambo. Pole kwa goti. Edina amefika na mzigo ameukabidhi.

Fundi anaitwa Tobias, yuko Kariakoo. Alipofungua kasha alinusa, akacheka: "Dada, hii ni diski au samaki wa kubanika?" Nilipomweleza ilikotunzwa, aliacha kucheka. Anasema moshi na joto la miezi tisa vimeila, na kila ilipowashwa ikigonga, ilizidi kujikwaruza. "Mwambie mzee hakupaswa kuiwasha tena hata mara moja."

Atainakili kidogo kidogo, lakini inaweza kufa kabla hajamaliza. Ameona majina ya rekodi tatu: Siku ya Kwanza, ya Pili, ya Tatu. Anauliza aanze na ipi.

Nawe Baba, usiandike kwamba sikuja kuzika. Habari za msiba zilinifikia siku ya nne baada ya maziko. Kwamba Mama anaumwa sikuambiwa kabisa.

Mwanao,
Vitalia


Mkumbi
7 Julai 2008

Mwanangu Vitalia,

Salamu. Goti ni lile lile.

Aanze na Siku ya Kwanza. Mama yako anaimba nyimbo za kwao Kihagara, kule ziwani, za wanawake wakianika dagaa, na anawabariki wajukuu. Ya Pili ifuate. Ya Tatu aiache. Homa ilikuwa imempanda na maneno yake hayana maana.

Hili ni agizo, si ushauri.

Baba yako,
Mwalimu Mansuetus


Dar es Salaam
10 Agosti 2008

Baba, shikamoo.

Sisi ni wazima.

Ulinifundisha darasa la tano. Ulikuwa ukisema, mwanafunzi akiruka swali, hilo ndilo aulizwe kwanza. Nilimwambia Tobias aanze na Siku ya Tatu.

Zimepatikana dakika kumi na moja, kisha diski ikanyamaza. Haikuwaka tena. Nyimbo za Kihagara zimepotea, na baraka za wanangu pia. Hilo nimelifanya mimi, na nitalibeba.

Mama hakuwa na homa. Anasema taratibu, kila neno linasikika: "Mwandikieni Vitalia aje. Kuacha utawa si kuacha kuwa mwanangu. Sina kinyongo naye."

Halafu wewe unasema: "Ameshaandikiwa. Amekataa."

Modest anauliza: "Lini, Baba?" Nawe unamjibu: "Zima hiyo mashine."

Modest haizimi papo hapo. Mama anasikika: "Haya. Basi." Ndiyo maneno yake ya mwisho humo.

Nimekutumia sidii. Wasikilizishe watu wa ukoo.

Mwanao,
Vitalia


Mkumbi
22 Septemba 2008

Mwanangu Vitalia,

Natumaini u mzima, wewe na watoto.

Misa imesomwa. Watu walingoja sauti. Nikawaambia mashine imeharibika. Huo ni uongo wa tatu, baada ya ule wa kwamba ulikataa na ule wa homa.

Ulipotoka utawani niliapa mbele ya ukoo kwamba hutavuka kizingiti changu mpaka uje kupiga magoti. Mama yako alipougua nilidhani atapona, nawe utakuja mwenyewe, na kiapo kitasimama. Nilihesabu vibaya.

Jumapili zote zile sikuwahi kuifungua Siku ya Tatu; sidii nimeisikiliza mara moja, peke yangu. Sikutambua kwamba nina sauti ile.

Nina ombi moja. Muulize fundi kama anaweza kuiondoa sauti yangu, akaiacha ya mama yako tu. Nataka niwe na kitu cha kusikiliza siku za Jumapili.

Baba yako,
Mansuetus


Dar es Salaam
15 Oktoba 2008

Shikamoo.

Nimemuuliza. Anasema inawezekana, ni kazi ya nusu saa.

Nimemkataza.

Vitalia