Dumu la Madi

Jumatano, 5 Novemba 2025

Madi amenitia wasiwasi. Kaka yangu huyu hajui kulala mchana, leo katoka kisiwani Ndau na kujitupa kwenye benchi la maabara ninamofanya kazi — jasho tele, moyo wadunda, kichwa chataka kupasuka. Presha juu mno. Kisha ikamwachia ghafla, akaomba chai!

Mama asema ni ruhani. Daktari asema huenda ni uvimbe juu ya figo, unamwaga adrenalini ovyo. Ule upasuaji wa ngiri aliompangia Madi hataufanya mpaka tupime. Akilazwa kwa dawa ya usingizi na uvimbe upo, presha itamuua.

Damu ingefaa, ila lazima igandishwe papo hapo, na friza yetu mbovu tangu Idi. Basi mkojo. Wa kutwa kucha, wote, dumu moja.

Alhamisi, 6 Novemba

Nimempa dumu. Chini nimetia asidi kidogo. Bila hiyo homoni zaharibika kwa joto hili na kipimo chadanganya. Nimemweleza, nimebandika na lebo: USIMWAGE. Akacheka, eti nimekuwa ustadhi wa mikojo. Mjinga.

Jumapili, 9 Novemba

Dumu limefika, limefungwa kwa leso ya Mama. Karatasi za kupimia asidi zimekwisha, sikuweza kuhakikisha kama bado imo. Nimepeleka sampuli Mombasa hivyo hivyo.

Jumatatu, 17 Novemba

Majibu! Adrenalini ya kawaida kabisa. Nimelia kwa furaha. Daktari kasema kesho kisu.

Lakini jana Madi kashikwa tena, msikitini, alipoinama kurukuu. Majibu safi — mwili wake haujayasoma. Sipendi.

Jumanne, 18 Novemba

Nje ya chumba cha upasuaji. Mama kaja na boti ya kwanza. Sasa hivi tu kanisimulia, tena kwa kujisifu: dumu lilikuja na maji yanuka makali, akayamwaga, akalikosha kwa sabuni kabla Madi hajalitumia. Chombo kilichotoka kwa watu, asema, hakitumiwi bila kukoshwa. Na lebo? Mama asoma herufi za Kiarabu tu.

Ya Rabbi.

Nimegonga mlango. Nesi Hayat kafungua kidogo. Madi keshalala, kasema. Nimemwambia wasimame, kipimo si cha kweli, uvimbe huenda upo. Kafunga. Hajarudi.

Mashine ya moyo ilikuwa ikilia taratibu. Sasa yaenda mbio.

Mama aniuliza kama nimefurahi alivyolitunza dumu langu.

Nimemwambia ndiyo, Mama.