Mbuzi Aliyechinjwa Kabla ya Nurudini

Mpendwa mshauri, naomba msaada, tena naomba unisome hewani sasa hivi, maana Krismasi ni kesho na roho yangu haitulii. Mimi ni Pelagia wa Titye, Kasulu, mume wangu ni Niyonkuru, na jirani yetu ni Nurudini, tabibu aliyehamishiwa huku kutoka Tanga, Mwislamu, ambaye kila Krismasi ndiye anayetuchinjia mbuzi ili sote tule pamoja, na Idi tunakula kwake, sasa leo asubuhi shemeji yangu Tharsisi kaingia kutoka Mabamba na haraka zake, kabla sijatoka nje kashamchinja mbuzi mwenyewe, na Nurudini alipofika na kisu chake kakifunga kwenye gazeti, mume wangu akamwambia mbuzi katoroka, tumenunua nyama buchani, naye akacheka, "Basi kesho nakuja na njaa yangu," nami nimebaki kuzunguka jikoni kama kuku anayetafuta pa kutagia, nikimuuliza mume wangu ananijibu kwa Kirundi chao, "Hora, mama. Nyama ni nyama, atajuaje?" Mshauri, Nurudini ndiye aliyenizalisha kitindamimba wangu nilipokuwa nakata roho. Nikisema, namwaibisha mume wangu. Nikinyamaza, namlisha jirani asichokula. Nifanyeje?

*

Pelagia, pole, lakini acha kuzunguka. Kosa la Tharsisi ni haraka, hilo husameheka. La mumeo ni uongo, na kesho anataka kwenda nao kanisani kumwimbia Mtoto Yesu! Atajuaje? Kwani Mungu naye kaambiwa nyama ya buchani? Aibu mumeo keshaivaa mwenyewe, wewe umeiona tu.

Kamata jogoo, najua hukosi mmoja uliyemficha Tharsisi asimwone, umpeleke kwa Nurudini akiwa hai, leo hii, wewe na mumeo. Mumeo akigoma, nenda peke yako. Sema: "Mbuzi kamchinja shemeji, tulikudanganya. Wako ni huyu, njoo na kisu chako." Kesho mpikie kwenye sufuria yake na upawa wake, usichovye huku na huku. Akikasirika, mwache, ana haki.

Na hilo "hora" nalijua, mimi ni mzaliwa wa Munanila, huko mpakani na Burundi. Ni neno la kumbembelezea mtoto anayelia, si la kumziba mke mdomo. Ngoja mmalize kusema kwa Nurudini, mumeo akiwa kainama hana pa kuuweka uso, hapo umshike mkono, umwambie wewe: "Hora."