Vibua vya Mama Vyafika Nairobi

Mama, shikamoo. Nimevaa sweta mbili na bado natetemeka, ila sasa ni kwa kicheko.

Leo asubuhi daktari wa moyo huku mtaa wa Karen alimuuliza Baba huwa anakula nini. Baba akakushtaki: vibua, kila siku vibua. Daktari akasema mwili huyageuza mafuta ya samaki hao kuwa vitu vidogo vinavyotuliza mishipa ya damu. "Mishipa yako iko sawa, mzee. Mshukuru anayekupikia."

Tulipotoka nikampeleka Kenyatta Market, maana nilishamwahidi mbavu za mbuzi. Zikaja zinachuruzika mafuta. Baba akazitazama, akazisukuma kwangu, kisha akafungua kifurushi cha vibua ulivyotupatia tuwaletee wenyeji wetu, akamwomba mchomaji avipashe moto.

"Mzee, unakuja kwa choma na samaki yako?" mchomaji akashangaa. Akaonja kimoja, akaomba cha pili.

Wenyeji wetu hawana zawadi tena, Mama. Baba amevimaliza, na amesema mbele ya watu kwamba hakuna anayepika kama wewe. Nimemwambia atie sahihi, asije akakana huko nyumbani.

Mwanao akupendaye, Zuhura

Ni kweli nilisema. Baba Zuhura